Tundu Chini ya Maua

Jumanne ya kwanza baada ya Idi, upepo uliilaza mashua ubavu, maji yakajaa ndani, na Shaame akafika pwani bila mkewe Mize. Tangu siku hiyo lawama zake zote aliwatupia wakubwa wa bandari. Si wao walioamuru kila mashua, hata kuukuu, ifungwe pampu ya kutoa maji? Zamani Mize aliyateka kwa kata, na hakuna aliyezama.

Sasa shemeji yake Faki, kaka wa marehemu, alikuwa ameinama ndani ya mashua ile ile akifunga pampu mpya. Kesho yake angetoka nayo baharini pamoja na wanawe.

"Amri watoe wao, maiti tuzike sisi," Shaame alinung'unika.

"Waachie Mungu, shemeji. Nipe huo mpira."

Faki aliuvuta mpira kutoka kwenye pampu mpaka kwenye tundu la ubavuni la kutemea maji nje. Juu ya tundu yalikuwapo maua mekundu aliyoyachora Mize. "Toboa huku juu, kwenye maua," alimwambia mumewe walipofunga pampu ya kwanza. "Nitachora mengine." Shaame alimcheka. "Rangi ni zako, mama. Pampu niachie mimi." Akatoboa chini.

Faki alipima kwa kiganja kutoka kwenye tundu hadi alama ya maji. Kiganja hakikuenea.

"Shemeji," alisema polepole, "mashua ikilala, bahari itaingilia hapa hapa. Nani alitoboa tundu hili?"