Pacha wa Daktari

Pacha B aliingia, akakivuta kiti mbali na dirisha ili jua lisimpige machoni, ndipo akaketi. Daktari nusura apige makofi. Wiki mbili nyuma, Pacha A alikivuta kiti hicho hicho, upande huo huo.

Kwa miaka thelathini Daktari alikuwa amehubiri kwamba mtu huzaliwa amekwisha kamilika, malezi ni chokaa tu ya kupaka ukuta. Maji hufuata mkondo, aliwaambia wanafunzi wake. Mwenzake wa chumba cha pili, ambaye kwa siri alimwita Mama Malezi, alimjibu kwa samaki mkunje angali mbichi. Miaka thelathini, methali mbili, na chuo kikaendelea kuwalipa wote. Sasa chuo kilikuwa kimetangaza kwamba maabara moja kati ya zao itafungwa.

Ndiyo maana pacha hawa walikuwa dhahabu. Karani alipokea fomu nyingi za watu waliopotezana na pacha wao. Kati ya hizo alikuta mbili, moja kutoka kiwanda cha samani, nyingine kutoka zahanati, zenye tarehe moja ya kuzaliwa na kituo kimoja cha yatima. Akafuta majina bila kuyasoma, kama Daktari alivyoagiza, maana sayansi haina ukoo, akaandika A na B. Wasikutane kabisa, Daktari aliongeza, wala wasisimulie lolote ambalo hawakuulizwa, wasije wakaambukizana tabia.

B alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. A alikuja na ndevu na vumbi la mbao. Hilo Daktari aliliandika chini ya malezi, asionekane mchoyo. Mengine yote yalikuwa damu tupu. Wote wawili walikuwa maseremala. Wote walikohoa kidogo kabla ya kudanganya kuhusu sigara. Wote waliogopa paka, na walipoulizwa wanapenda nini duniani, walitaja harufu ya msonobari uliotoka kupigwa randa. B alijibu maswali mengine hata kabla hayajaisha. Wepesi wa akili wa kurithi, Daktari aliandika, akapigia mstari.

"Samahani, Daktari," B alisema, "naweza kueleza jambo moja dogo?"

"Jibu ulichoulizwa tu, kaka."

B akajibu alichoulizwa tu. Alikuwa mtu wa adabu, tena alikuwa ameahidiwa kwamba mwisho wa yote atakutanishwa na pacha wake. Tangu alipojua kusoma alikuwa akimtafuta. Hakutaka kuharibu mambo mlangoni.

Damu ikapimwa. Mpimaji alikiri kwamba tangu aanze kazi hajaona pacha waliolingana namna ile.

"Naam," alijibu Daktari, kana kwamba amewazaa mwenyewe.

Siku ya siku, viti viwili viliwekwa mbele ya ukumbi. Daktari alisoma mambo arobaini na moja yanayolingana, taratibu, kama mtu anayekula kitamu asichotaka kiishe. Mkuu wa chuo aliitikia kwa kichwa. Mama Malezi alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani, na Daktari alipofika kwenye habari za paka alimtupia jicho la huruma, la kumtazama jirani anayehamishwa. Kisha akatangaza kwamba ndugu hawa, waliotenganishwa wakiwa na miezi minane, wataonana sasa hivi, mbele ya macho ya ukumbi mzima.

Mlango ulifunguliwa. Akaingia mmoja, shati jipya, ndevu zikianza kuota tena. Akaketi. Wakangoja. Daktari alitazama saa, akatazama mlango, akatabasamu kwa wageni, akatazama saa tena. Mwishowe alimwinamia mgeni wake na kumnong'oneza.

"Wewe ni A au B?"

"Vyovyote mpendavyo, Daktari. Mara ya kwanza mliniita A, mara ya pili B." Macho yake hayakubanduka mlangoni. "Fomu nilijaza mbili, kazini na zahanati, ili mnipatie ndugu yangu upesi. Amekwisha fika?"