Ngazi ya Mwisho

Darasa zima lilipata sifuri. Si wale wa nyuma tu: wote, pamoja na kiranja, binti ambaye kwa kawaida ndiye humsahihisha mwalimu ubaoni.

"Na mtihani wenyewe ulikuwa wa kuchagua," mwalimu mkuu alisema, akizisukuma karatasi mezani. "Mtu akifumba macho akaweka alama popote, hakosi kuokota mbili tatu. Wako wamekosa hata za kuokota. Umewafundisha nini, dada yangu?"

Mwalimu wa hesabu alizipekua tena karatasi, akitafuta japo vema moja. Hakuna.

Wazo la kufundisha kwa gemu alilipata nyumbani, alipomwona kitinda mimba wake akicheza gemu kwenye simu ya baba yake. Mtoto anakufa, anacheka, anaanza upya. Mtoto huyo huyo akikosa hesabu moja, analifunga daftari na kununa mpaka chakula cha jioni. Basi mama akajiuliza, kwa nini na huku asife kwa raha kama kule?

Akaligeuza somo kuwa gemu. Hesabu zikapangwa kwa ngazi. Alama ya kosa akaipiga marufuku. Aliyekosa "amekufa", na aliyekufa hurudia ngazi hiyo na mwalimu mwenyewe, wamebanana dawati moja, mwalimu akimwonyesha shimo alimoangukia. Walimu wenzake walimcheka hadi basi. "Leo wamekufa wangapi, tuje na rambirambi?" Lakini watoto walikuwa wanawahi shule. Hata Kobe, aliyepewa jina hilo na wenzake kwa uzito wake wa kuelewa, alikuwa ameanza kunyoosha mkono.

Mkaguzi wa elimu hakupenda kelele za gemu hiyo. Alisema ataleta mtihani wake mwenyewe: watoto wakifaulu, gemu iendelee, wakifeli, darasa apewe mwalimu wa darasa la juu, yule anayetembea na fimbo kwapani.

Mwalimu hakutaka kuwatia watoto hofu, kwa hiyo habari za mkaguzi alizimeza. Aliwaambia tu kwamba mtihani unaokuja ndio ngazi ya mwisho.

"Tukiivuka, mbele kuna nini?" kiranja aliuliza.

"Mbele kuna darasa la juu, na mwalimu mwingine. Mkishavuka, mimi na nyinyi ndiyo basi tena."

Watoto wakatazamana. Alidhani ni woga wa mtihani, akawapa moyo. Wiki ile hawakutoka hata wakati wa mapumziko. Alipopita dirishani aliwaona wamemzunguka Kobe, wanamhoji hesabu moja baada ya nyingine, na moyo wake ukajaa. Hawa, alijisemea, wanautaka ushindi kweli.

Na sasa hizi hapa karatasi.

"Wapeni mtihani mwingine," aliomba. "Mimi nitakaa nje kabisa, hata getini."

"Mkaguzi ameshaamua." Mwalimu mkuu alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko kufokewa. "Mikono yangu imefungwa. Nenda kachukue vitu vyako, mwenzio anasubiri mlangoni."

Alitembea kwenye korido akiwa hana nguvu hata ya kulia. Kuondolewa si kitu; angevumilia. Kilichomkata maini ni kwamba alijiona anafundisha, kumbe alikuwa anacheza tu na watoto wa watu, na mwaka wao mzima umekwenda na maji. Angewaambia nini? Pole haitoshi, na zaidi ya pole hakuwa na kitu.

Mwalimu wa fimbo alimpisha atangulie. Ndani, watoto walipomwona waliruka kutoka kwenye madawati, wakapiga makofi, wakakumbatiana.

"Tumekufa, Mwalimu!" kiranja alipaza sauti, meno yote nje. "Wote! Kobe tu ndiye alitutoa jasho, ilibidi tumfundishe hesabu zote mpaka azijue, asije akapatia hata moja kwa bahati mbaya. Haya, njoo ukae, tunarudia na wewe."