Rangi ya Banda la Bi Miwani

"Usiipake hiyo, mama! Weka brashi chini!"

Fundi cherehani alitoka mbio kibarazani kwake, futi ya kupimia ikipepea shingoni, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki chini ya cherehani. Jirani yake, Bi Miwani, alikuwa amechutama mlangoni mwa banda la kuku, brashi mkononi. Pembeni yake palikuwa na kopo lililoota kutu mpaka jina la rangi limefutika.

"Kuna nini, baba? Nyoka?"

"Hiyo rangi. Ya nini hiyo?"

"Ya geti. Marehemu aliinunua mwaka aliopata cheo. Cheo kikaondoka, kopo likabaki. Nimeona niwapakie kuku ndani, nao wajione wakubwa."

Fundi hakucheka. Aliinama, akanusa kopo, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Rangi ya mafuta, tena ya zamani! Hizi zilitiwa madini ya risasi, mama. Ni sumu. Na kuku haachi ukuta salama, atadonoa tu. Ikibanduka anaimeza. Inaingia kwenye damu, inaingia kwenye nyama, inaingia mpaka kwenye yai."

"Makubwa! Na kuku mwenyewe je?"

"Kuku mwenyewe nini?"

"Hataugua?"

"Ataugua, ndiyo," fundi alisema upesi. "Ataugua sana, maskini."

Bi Miwani alisukuma miwani yake, ambayo mkono mmoja ulikuwa uzi mweusi aliofungiwa na fundi huyohuyo. "Sasa hao kuku wenyewe wako wapi? Walikuwa kumi na wanne, leo tisa. Kicheche ananimaliza. Tena kicheche mwenyewe mtu wa usafi, hata unyoya haachi."

"Vicheche wa siku hizi wamejanjaruka," fundi alisema. "Lakini tumalize habari ya rangi."

"Basi nitapaka ile ya samawati iliyobaki chumbani kwangu. Si ya maji ile?"

"Ile ina dawa ya kuua ukungu, mama. Ukungu unakufa, kuku anabaki na nini?"

"Oili chafu ya gari, je? Naona watu wanapaka mbao."

Fundi alishika kiuno, akatazama mbinguni, akatazama kuku. Jogoo alimtazama kwa jicho moja, akaenda zake.

"Mama, tafadhali. Usiguse kitu. Nipe saa moja."

"Na gauni la bibi harusi uliloliacha kwenye cherehani? Si linatakiwa leo jioni?"

"Bibi harusi atasubiri."

"Mh! Mwenzako nimeolewa mara mbili," alisema Bi Miwani, "na bibi harusi hasubiri."

Lakini fundi alikwisha kuondoka, na kiatu chake kimoja.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi aliuliza maswali mpaka muuzaji akaweka kalamu chini. Chokaa hii imechanganywa na nini? Na ule mfuko wa juu? Una uhakika ni chokaa tupu?

"Unapaka wodi ya watoto, mzee?"

"Banda la kuku la jirani."

Muuzaji alimtazama kwa heshima mpya.

Fundi alirudi na mfuko begani, ameununua kwa pesa yake. Aliwatoa kuku, akakwangua kuta mpaka kwenye pembe. Alikoroga chokaa na maji kwenye ndoo, akatia chumvi konzi mbili ili ikikauka isibanduke, akaichuja kwa kitambaa cha bitana. Akapaka mara moja, akaacha ikauke, akapaka tena. Bi Miwani alikaa kwenye kigoda akimwonyesha palipobaki.

"Hapo juu, baba. Hapana, kushoto. Kushoto kwako wewe, si kwa kuku."

"Waache nje mpaka ikauke kabisa, mama. Ikiwa mbichi inachoma macho. Ikikauka haina neno, hata wakidonoa. Utitiri nao wataikimbia."

Ilipokauka, alipitisha kiganja ukutani, akakitazama. Ndipo aliporuhusu kuku waingie, akawahesabu mmoja mmoja, uso umemlainika kama baba anayepokea watoto kutoka shule.

"Nimekaa mtaa huu miaka arobaini," alisema Bi Miwani, "sijaona mtu anayewapenda kuku wangu hivi. Hata mimi siwapendi hivyo."

"Ujirani, mama. Na lile kopo?"

"Lichukue. Kalitupe mbali utakako."

Fundi alilifunga kwa mfuko, akaenda kulitupa mwisho wa mtaa, akarudi kwake akiwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Mkewe alikuwa jikoni anamsubiri, mikono kwenye kanga, chakula cha mchana hakijaguswa.

"Amepaka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chokaa. Tupu. Nimepaka kwa mkono wangu."

Mke alishusha pumzi ndefu. "Afadhali. Maana nilikwisha kuanza kuwaza tutarudia dengu." Akafunua sufuria, na harufu ya mchuzi wa kuku ikajaa nyumba nzima.

"Hodi," ilisema sauti ambayo tayari ilikuwa ndani.

Bi Miwani alikuwa amebeba sahani yake mwenyewe. Alivuta kiti, akakaa, akaifuta sahani kwa pindo la kanga bila haraka.

"Mimi paja, mwanangu," alimwambia mke wa fundi. Kisha akamgeukia fundi. "Nyumba sita nilipita na lile kopo asubuhi kuomba ushauri, kabla sijaja kuchutama mbele ya kibaraza chako. Wote waliniambia rangi ni nzuri, nipake tu."