Jua la Kuazima

Leo jua lilikataa kumgusa Elijah usoni.

Alikaa juu ya jiwe lake pale kilimani Magunga, juu ya ziwa, kola ya koti imepandishwa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akangoja. Mvua ya mchana ilikuwa imeacha upepo baridi, na magoti yalimuuma. Kila Ijumaa ni kilima hiki, kila Ijumaa ni jiwe hili. Alikuwa amechoka, tena si uchovu wa kulala ukaamka nafuu.

Mkewe, Phelesia, alikuwa amepanda naye mkono kwa mkono kama wachumba, akamwacha hapo na kurudi nyumbani kumalizia chakula. Waumini wa kanisa lao huianza Sabato jua linapozama siku ya Ijumaa, na baada ya hapo jiko haliwashwi.

Kwa mtu wa Magunga hilo si jambo la kuumiza kichwa. Mwaka mzima jua huzama karibu wakati ule ule, na likishaamua kushuka halibembelezwi. Unageuka kufunga mbuzi, ukirudi ni giza. Taabu ilianza binti yao Valary alipokwenda Norway kusomea uuguzi. Mwanzoni alikaa kusini mwa nchi hiyo, akalalamika kwamba mwezi wa sita jua linazama watu wa nyumbani wakiwa wamelala fofofo, na hata likizama mwanga haumaliziki angani hadi asubuhi. Kisha chuo kikampeleka kaskazini kabisa, na huko jua likagoma kuzama. Linazunguka tu, alisema, kama mbuzi kwenye kamba, wiki baada ya wiki. Sasa Sabato yake ianze lini?

Elijah hakusumbuka kuuliza mchungaji. Alimwambia binti yake kwamba jua la nyumbani ndilo jua lake, aliazime. Tangu hapo, kila Ijumaa mzee hupanda kilimani, likizama anamwambia kwa simu, na wawili hao wanaimba pamoja.

Ilibaki miezi michache Valary amalize masomo aliyoyalilia tangu utotoni. Lakini alikuwa ameapa: akisikia tu kwamba sukari ya baba yake imezidi, anaacha kila kitu na kupanda ndege. Elijah alimjua mtoto wake, hakuwa wa kutishia bure. Kwa hiyo yale aliyoambiwa na daktari mmoja kule Migori aliyafungia kifuani, akamwapisha na Phelesia. Valary akiuliza afya, jibu lilikuwa moja tu: bado napanda kilima.

Simu ikalia. Alikuwa amebeba simu ya Phelesia, ile kubwa, maana kale kasimu kake mwenyewe ka vitufe kalikuwa kamezima chaji. Akainuka, akaenda huku na huku akitafuta mtandao, akazunguka, akarudi, mpaka sauti ikatulia.

"Baba, leo nakuona," Valary alisema.

Elijah hakuwa amejiandaa kwa mambo ya video. Akaishusha kofia zaidi, akakimbilia kuuliza habari za kazi. Valary alisema hajalala vizuri, kwamba mapazia hayafui dafu mbele ya jua lile, na mwili umemwishia nguvu.

"Hata mimi nimechoka, nyathina, mwanangu," Elijah alisema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Kisha Valary akaomba jambo ambalo Elijah hakulitarajia. "Geuza simu kidogo, baba. Nataka kuona jua likizama. Nimesahau linavyofanya."

Elijah akasikiliza. Ndege walikuwa wamenyamaza, na mbuzi wa jirani walishapita na kengele zao. Ilitosha. Akaigeuza simu upande aliojua ni wa ziwa, akainyoosha mbali na kifua.

"Ndio hilo," alisema. "Sasa limegusa maji. Limebaki kipande. Limeisha."

Kukawa kimya. Akaomba Mungu iwe ni mtandao tu umekatika.

"Naliona, baba," Valary alisema hatimaye, kwa sauti iliyokwaruza. "Ni zuri sana. Sabato njema."

Wakaimba ubeti wa kwanza. Wa pili Valary hakuumaliza. Alisema network inasumbua. Kabla ya kukata akauliza mama yuko wapi, akasema atamtafuta.

Elijah alibaki amesimama palepale, simu mkononi. Alifurahi, pamoja na uchovu wake wote. Mtoto atamaliza shule. Miezi michache tu, na yeye angeweza kukaa chini na kusema ukweli.

Viatu vya Phelesia vilikwaruza mawe vikipanda. Akauliza kama wameongea.

"Zaidi ya kuongea," Elijah alisema. "Nimemwonyesha jua likizama. Ameliona mwenyewe."

Phelesia aliuchukua mkono wa mumewe, akavifunga vidole vyake kwenye fimbo aliyokuwa ameiacha kwenye jiwe, kisha akamshika mabega na kumgeuza taratibu, mpaka joto hafifu likamgusa usoni.

"Bado halijazama, Baba Valary," alisema. "Na lilikuwa nyuma yako."