Matoke ya Bosi Nashon

"Rudisha hayo," bosi Nashon alifoka. "Yameshamenywa. Mimi nitayafanyia nini?"

Mama wa sokoni aliduwaa langoni, mifuko ya matoke meupe yaliyokwisha kumenywa ikimning'inia mikononi. "Ssebo, watu wa ofisini wanayapigania haya! Unaweka kwenye maji tu, unapika."

"Wapelekee hao wa ofisini."

Bosi alitaka mikungu mizima, na alitaka imenywe pale pale kiwandani. Kwa hiyo Julienne alimkaza mtoto wake Bénit mgongoni kwa kitenge, akaketi kwenye kigoda, akashika kisu. Wanawake wenzake wakamzunguka. Olanya, mfagizi, alipita nyuma yao na toroli lake, akifagia kabla hata uchafu haujatulia chini.

Kazi ya upishi ilikuwa ngeni kwa Julienne. Yeye aliajiriwa kuanika makaa. Kiwanda kilitengeneza makaa ya kupikia yasiyokata mti hata mmoja. Yalitokana na taka za jiji, na picha ya mti unaotabasamu ilichorwa ukutani. Ila taka zenyewe zilikuwa zimeadimika. Wafuga ng'ombe walianza kwenda mtaa wa Wandegeya alfajiri, kibanda kwa kibanda, wakizinunua kwa ajili ya mifugo. Kitu ambacho watu walikuwa wakilipa kiondolewe mlangoni, sasa kilikuwa na foleni ya wateja. Mashine ikanyamaza.

Ndipo bosi alipowakusanya, kabla matoke hayajaanza kuja. "Ijumaa anakuja mgeni kutoka Ulaya, yule anayenunua makaa yetu. Anataka kuona malighafi kwa macho yake. Asiporidhika, nafunga lango, kila mtu arudi kwao."

Kwao. Wengine waliwaza Tororo, wengine Gulu. Kwao kwa Julienne kulikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa ametoka huko mbio, Bénit akiwa bado tumboni.

Usiku ule hakulala. Asubuhi alifika akitarajia kuambiwa asiingie. Badala yake alikuta lori la matoke likishusha, na bosi amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Mama Bénit, wewe unajua kupika?"

"Najua, bosi."

"Basi pika. Kila mtu ale. Washibe."

Watu ambao kwa miaka walikunywa chai kavu na kusukumia maji walikula mpaka wakafungua vishikizo. Kesho yake lori likaja tena. Na kesho yake tena.

"Ameokoka," Olanya alinong'ona.

"Ameokoka wapi!" Ochola, fundi wa mashine, alilamba vidole. "Nyinyi hamna akili. Wazungu siku hizi wanakagua mpaka tumbo la mfanyakazi. Ijumaa mtasimamishwa mstari, mashavu yapimwe. Kula, bwana, unaharibu sura ya kampuni!"

Wakacheka, wakaamini. Julienne pia aliamini. Na kusema kweli hakujali sana sababu. Maziwa yake yalikuwa yamerudi. Bénit alikuwa ameanza kuonjeshwa matoke yaliyopondwa kwa ncha ya kidole, na vimashavu vyake vilikuwa vinajaa kama vya mtoto wa picha za hospitali. Alianza kumwombea bosi kila jioni, kwa jina.

Siku moja kabla ya ugeni, Ochola alijitia moyo. "Bosi, tunashukuru sana. Ila matoke asubuhi, matoke mchana... Leo hatuwezi kupata wali?"

"Wali?" Bosi alikunja uso. "Wali una nini?"

"Ni mtamu, bosi."

"Mtamu! Mimi naongea kazi, wewe unaniletea utamu."

Ijumaa ikafika. Julienne alimvisha Bénit kofia ya sufu, akapanga sahani safi mbele ya jiko ili mgeni asizikose. Bosi alipoziona nusura azimie.

"Toa! Toa hivi vyote! Ficha sufuria nyuma ya stoo. Mgeni asione chakula hapa, hata harufu asisikie!"

"Sasa mashavu yetu atayaona nani?" Ochola aliguna.

Gari lilikuwa limeshapiga honi. Julienne alijibanza nyuma ya stoo na masufuria yake, akachungulia. Bosi alimwongoza mgeni, mama mmoja mrefu mwenye viatu vya mvua, moja kwa moja hadi uwanja wa nyuma. Olanya akavuta turubai.

Chini yake palikuwa na kilima cha maganda ya matoke.

Mgeni alitumbukiza mikono yote miwili. "Mengi hivi! Na mabichi!"

"Tunayawahi mapema," bosi alisema. "Ya Wandegeya haya. Watu wanakula, wanatupa, sisi tunaokota."

"Sitaki kukuficha, bwana Nashon. Kwingine nilikopita nimekuta watu wanaharibu chakula ili wapate taka."

"Mungu apishe mbali," bosi alisema, mkono kifuani.

Mgeni akatia sahihi palepale, akaagiza makaa mara mbili ya mwanzo. Nyuma ya stoo, Julienne alivuta mguu mdogo wa Bénit uliochomoza kwenye kitenge, akaubusu unyayo. Hawarudi Uvira.

Gari lilipotoka, bosi alimjia akijipepea kwa kofia.

"Mama Bénit, kuanzia kesho lori zinakuja mbili."

"Mbili, bosi?" Julienne alitazama sufuria zilizokuwa bado zimejaa. "Watu wameshiba mpaka hapa kooni. Nani atakula yote hayo?"

Bosi alimshangaa.

"Nani amesema kula? Wewe menya tu."