Dafu la Mgeni

Karani wa shamba la minazi la serikali aliketi barazani, akafungua jalada. Alikuja kuangalia kama mkono wa mfua nazi umepona. Ukiwa umepona, likizo imekwisha na fidia haipo.

Mwanamkuu alimtupia mumewe jicho la onyo. Tangu ncha ya kifuo cha kufulia nazi imtoboe kiganja kazini, kila asubuhi alijigamba, "Mke wangu, mkono huu mzima kama wako!" Leo ole wake ajigambe.

"Jua kali, ndugu karani," mume alisema, akanyanyuka. "Mgeni hakai kwangu na kiu."

Akachukua dafu, akaliendea panga.

"Keti, baba we!" Mwanamkuu alinong'ona. "Unatuharibia!"

"Nimwache mgeni akaukwe na koo kwa ajili ya fomu?"

Alilishika panga. Vidole vilikataa kukunjika, vikabaki vimekakamaa kuzunguka kovu. Panga likaanguka. Akaliokota, likaanguka tena. Dafu likabingirika hadi miguuni kwa karani.

Mwanamkuu aliutazama mkono ule. Asubuhi zote zile za "nifunge vifungo vya shati, mpenzi, mikono yako mitamu," kumbe vidole vilikuwa havikunjiki!

Karani aliandika jaladani.

Mwanamkuu aliliokota panga, akalifungua dafu kwa mapigo matatu. Karani akanyoosha mkono kulipokea. Mwanamkuu akampita, akaliweka dafu mdomoni mwa mumewe.

"Kunywa, mwongo wangu," alisema. "Mgeni atangoja."