Transista ya Tatu

Hakuna mota iliyowahi kumshinda fundi huyu. Haya, ipo hii moja, na mwenye nayo ni mama mkwe wake.

Transista inayoendesha mota ya mashine ya kusaga ilikuwa imeungua tena, ya tatu sasa. Wateja walikaa kwenye benchi na mahindi yao mapajani, masikio yamewasimama.

"Mkwe wangu," alisema mama, "nyingine ikiungua, naita fundi wa kweli. Na mtaa mzima utajua unanifungia vipuri feki."

Fundi alimjua vizuri. Mama huyu akitangaza jambo, limetangazwa. Nani angempa kazi tena?

Akafungua sanduku la saketi. Chumba kizima kilikuwa cheupe kwa unga, hata buibui wa pembeni alikuwa na mvi. Ndani ya sanduku hamkuwa na hata chembe.

"Mama," aliuliza taratibu, macho chini, "haya matundu manne marefu ya hewa, hakuna anayeyafunika ili unga usiingie? Joto likikosa pa kutokea, transista haiponi."

"Nani ayafunike, na kwa nini? Si mimi ninayeshinda hapa? Baba, usinitafutie kisingizio!"

Wateja wakaangua kicheko. Mama naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, akavuta mtandio begani ajifute.

Mtandio ukakunjuka mbele ya benchi zima. Katikati yake palikuwa na mistari minne ya masizi, imepangana sawasawa na matundu ya sanduku.